Fungu la Mlembe

Cheptanui alikuwa amepiga magoti, mikono imezama shimoni hadi viwikoni, aliposikia viatu vya Kipketer vikishuka kwenye changarawe. Hakuinua kichwa. Alikomba udongo wa mwisho, akautupa kando, kisha akaikamata nguzo ya mtarakwa iliyolala ubavuni pake na kuisimamisha. Ncha ya juu ya nguzo hiyo ilikuwa imepakwa rangi nyekundu. Chini ya ncha palipigiliwa ubao: NJIA YA NDEGE, EBURRU. KARIBUNI.

Bango hilo liling'olewa mwezi wa Januari, vijana walipolibeba kwenda kuzibia barabara katika ghasia za uchaguzi. Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyepanda mlima. Sasa ulikuwa mwezi wa Agosti, ukungu mzito, na wageni wawili walikuwa njiani kutoka Nakuru.

"Shemeji, habari ya asubuhi?" alisema Kipketer.

"Nzuri. Nishikie hapa isianguke."

Kipketer alishika. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe Cheptanui, na mwenyekiti wa kikundi chao. Kikundi kilikuwa cha Waogiek wa mlima huo, waliopokea watazamaji wa ndege ili msitu uwe na faida ukiwa umesimama. Maneno hayo, "ukiwa umesimama," yalitungwa na Kipketer mwenyewe. Zamani aliyasema katika kila mkutano. Siku hizi hakuyasema.

"Leo utawapeleka kwenye mianzi," alisema. "Kisha kwenye matundu ya mvuke. Kisha wanywe chai waende. Bonde la Mizinga, hapana."

"Jana nilisikia msumeno huko."

"Ni mikavu tu inatolewa."

"Mti mkavu haulii vile ukianguka, shemeji. Nimezaliwa humu."

Kipketer aliiachia nguzo. Iliyumba, na Cheptanui akaikumbatia kwa mikono yote miwili, kama mtu anayemzuia mlevi.

"Wageni walipokimbia, nani alitulisha?" Kipketer aliuliza. "Ni shorobo? Ni hondohondo? Watoto walilia njaa hapa, ukawasikia. Dalali wa Gilgil akaleta unga. Alitaka bonde, nikampa. Wewe ungefanya nini?"

Cheptanui hakupenda majibu ya haraka. Aliukanyaga udongo kuizunguka nguzo, hatua baada ya hatua, mpaka ikasimama imara.

"Unga huo nilikula pia," alisema. "Sikatai. Lakini bonde halikuwa lako la kulipia."

"Ni la nani?"

"La ukoo wa baba yangu. Na la mlembe."

Kipketer alicheka. "Mlembe ni ndege, hana kitambulisho." Kisha kicheko kikamtoka usoni. "Sikia. Wageni wanakuja kuona ndege, hawaji kuona visiki. Ukiwapeleka huko, hii njia naifunga, na wewe utarudi kulima pareto za watu. Nimemaliza."

Alipanda njia bila kugeuka. Cheptanui alikwenda kwenye bomba la mvuke nyuma ya nyumba, mahali ambapo pumzi ya mlima hupoa na kuwa matone, akanawa mikono katika maji ya vuguvugu. Aliinawa polepole. Alikuwa amelima pareto za watu miaka mingi. Mgongo wake ulizikumbuka vizuri.

*

Mzee Jasbir alishuka kwenye pikapu kabla haijasimama sawasawa. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, kilemba cha buluu, na darubini iliyochubuka pembeni kwa kutumiwa sana. Binti yake Karishma alimfuata akiwa amebeba maji, dawa za baba yake na uso wa mtu aliyeamshwa mapema mno.

"Mama Cheptanui! Bango limesimama!"

"Limesimama, mzee. Lilienda kwenye siasa kidogo, likarudi."

Jasbir alicheka mpaka akashika kiuno. Nguzo ile na ubao wake yeye ndiye aliyewaletea mwaka uliotangulia, zawadi kutoka dukani. Aliipigapiga kama mtu anayempapasa farasi wake.

"Daktari alisema asipande mlima," Karishma alimwambia Cheptanui. "Alivyokataa kusikia, nikasema basi nakuja nimbebe akianguka."

"Kwa viatu hivyo vyeupe?"

Karishma alivitazama viatu vyake. "Kwani ndege hawapendi nyeupe?"

"Ndege hawana shida. Matope ndiyo yanapenda."

Waliingia msituni. Jasbir alitembea kwa utaratibu, akisimama kila aliposikia sauti, na mara nyingi alilitaja jina la ndege wakati uleule Cheptanui alipoinua kidole. Walifanya hivyo kama watu wawili waliozoea kuimba pamoja. Juu ya mzeituni wa porini shorobo aliruka kutoka tawi hadi tawi, kijani kibichi, kisha akafungua mabawa na wekundu ukawaka. Karishma alisahau kulalamika.

Karibu na mahali njia inapogawanyika, Cheptanui aliisikia sauti aliyokuwa akiiogopa tangu alfajiri.

Ilikuwa kama kibiriti kinachotikiswa. Chaka-chaka-chaka, kimya, chaka-chaka-chaka. Ndege mdogo wa rangi ya vumbi alitua juu ya mtarakwa, mdomo wa waridi, manyoya meupe yakionekana pembeni mwa mkia. Aliwatazama. Aliruka kidogo upande wa kushoto, akarudi, akawatazama tena.

"Mlembe," alinong'ona Jasbir. "Anatuita! Karishma, huyu ndiye anayeonyesha watu nyuki."

Kulia ilikuwa mianzi. Kushoto lilikuwa Bonde la Mizinga.

Babake Cheptanui hakupata mtoto wa kiume, kwa hiyo binti yake ndiye aliyembebea mfuko wa ngozi walipokwenda kwenye mizinga. Alimwambia hivi: mlembe akikuita, unaweza kunyamaza. Kunyamaza si kosa. Labda umechoka, labda una mgonjwa nyumbani. Lakini ukimjibu, umekula kiapo. Anayejibu kisha asifuate ni mwongo, na mlembe hamwongozi mwongo tena, wala watoto wake.

Angeweza kunyamaza. Wageni wangeiona mianzi, wangekunywa chai, wangerudi mwezi ujao. Bango lingesimama. Naye kila wiki angewapitisha watu njia ya kulia, akiwaambia habari za msitu uliokuwa ukimalizwa upande wa kushoto.

Cheptanui alikunja ulimi na kupiga mluzi: mmoja mrefu, wa pili mfupi.

Mlembe aliruka.

"Sasa hakuna kurudi," aliwaambia wageni. "Shikeni nyayo zangu."

*

Waliteremka. Ndege alitangulia, alisubiri, alitangulia tena. Cheptanui alimjibu kila mara, na kila mara mluzi wake ulitoka kwa nguvu zaidi, hadi Jasbir akamtazama kwa mshangao, kwa maana mama huyu ndiye aliyewafundisha wageni kunyamaza.

Kabla ya kuona kitu walisikia harufu. Ilikuwa tamu na kali, kama penseli iliyochongwa sasa hivi.

"Aah," alisema Jasbir, akivuta pumzi. "Hiyo ni harufu ya duka langu asubuhi."

Kisha miti ikaisha.

Bonde lilikuwa wazi kwa jua. Visiki vilikaa kila mahali, vibichi, mioyo yao myekundu ikitoa utomvu. Matawi yalirundikwa ovyo. Katikati palikuwa na lori, injini ikinguruma, na kando ya lori rundo la nguzo lililopangwa vizuri. Kila nguzo ilikuwa na ncha nyekundu.

Mpakizi mmoja aliwaona, akamgusa mwenzake kwa kiwiko.

"Ebu cheki! Boss wa nyekundu amekuja mwenyewe!" Alijifuta mikono kwenye suruali na kumjia Jasbir mbio, tabasamu tele. "Boss, umetushika kabla hatujamaliza. Lakini mzigo ni safi, usijali. Kila mtu na rangi yake, za kwako hatuchanganyi."

Jasbir alisimama. Darubini ilining'inia kifuani pake kama kitu cha mtu mwingine.

"Papa-ji," alisema Karishma, "hiyo si rangi yetu?"

"Dalali aliniambia zinatoka mashamba ya Gilgil."

"Na wewe ukaamini?"

Mzee aliikamata ile darubini. "Zilikuwa nguzo nzuri," alisema.

Kipketer alitokea nyuma ya lori, mikono mifukoni mwa koti. Alimwona Jasbir kwanza, kisha binti, kisha shemeji yake, na kila alipohamisha macho uso wake ulizidi kukazana.

"Shemeji. Nilikuambia nini?"

"Uliniambia nisiwalete. Sikuwaleta mimi." Cheptanui alionyesha kwa kidevu. "Amewaleta yule."

Mlembe alikuwa ametua kwenye mtarakwa mmoja uliosalia katikati ya visiki. Shina lake lilikuwa limekatwa upande mmoja, jeraha la msumeno limeingia robo. Juu kidogo ya jeraha, usawa wa bega, palikuwa na tundu, na nyuki waliingia na kutoka kwa hasira.

"Huo ulitushinda jana," alisema mpakizi. "Hao nyuki ni wajeuri. Lakini petroli tumeleta, tunawachoma saa hii."

Kipketer hakumsikiliza. Alimsogelea Cheptanui, na sauti yake ikashuka, si ya mwenyekiti tena.

"Ulimjibu?"

"Nilimjibu."

"Kwa mluzi?"

"Kwa mluzi wa baba. Wote wawili hawa ni mashahidi."

Kipketer alimtazama ndege.

Cheptanui aliinama kwenye takataka za msumeno, akachukua maganda makavu ya mtarakwa, akayafunga pamoja na majani mabichi kwa kamba ya gome. Alikuwa na kibiriti. Moshi mweupe ulianza kutoka.

"Mwanamke harini asali," alisema Kipketer.

"Basi rina wewe."

Alimnyooshea furushi la moshi. Wapakizi waliacha kazi kutazama. Kipketer aliliangalia furushi, aliwaangalia wanaume wale, aliliangalia lori. Mikono yake ilibaki mifukoni.

Cheptanui alingoja kiasi cha adabu. Kisha akaenda mwenyewe.

Alipuliza moshi tunduni, taratibu, kama alivyomwona baba yake akifanya. Mvumo wa nyuki ulipungua. Aliingiza mkono mpaka begani. Walimchoma kiganjani, shingoni, juu ya jicho. Karishma alipiga kelele kwa niaba yake. Mkono ulipotoka ulikuwa umebeba sega pana, zito, linalotiririka. Aliliweka juu ya jani la mgomba-mwitu, akaingiza mkono tena, akatoa la pili, kisha la tatu.

Desturi ilikuwa kuliweka fungu la mlembe chini, mahali peupe, karibu na mti. Cheptanui alilibeba sega la kwanza, akawapita wapakizi, akalipita lori, akaliweka juu ya rundo la nguzo, palepale kwenye ncha nyekundu.

"Hakuna anayegusa kitu," alisema, "kabla mwenye fungu hajala."

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Mathe, tuna haraka. Hiyo ni story ya nyumbani kwenu."

"Muulize mwenyekiti. Ni nyumbani kwake pia."

Dereva alimgeukia Kipketer. "Mzee, eti ni ukweli?"

Kipketer alifungua kinywa. Lilikuwa jambo rahisi kusema hapana. Lakini alikuwa amelishwa asali ya kwanza kabla ya kuota meno, na kabla ya asali hiyo, mlembe alikuwa amepewa yake.

"Ni kweli," alisema. "Mpaka ale."

"Na hatashuka injini ikinguruma," alisema Cheptanui.

Dereva alicheka, akatikisa kichwa. Injini iliendelea. Ndipo Mzee Jasbir alipotembea kuvuka visiki, akiinua miguu kwa shida, mpaka kwenye mlango wa lori.

"Zima."

"Lakini boss, mzigo ni wako."

"Ndiyo maana nasema zima."

Injini ilikohoa, ikafa. Kimya kikaingia bondeni kama mgeni aliyekawia. Mpakizi aliyeshika mtungi wa petroli aliuweka chini, akatazama huku na huku kama mtu asiyejua aweke wapi mikono yake. Karishma alikaa juu ya kisiki, viatu vyake vyeupe vimekuwa rangi ya udongo.

Mlembe alishuka hadi tawi la chini. Alisubiri. Akashuka hadi juu ya nguzo, akatembea kwa hatua fupi juu ya rangi nyekundu, akadonoa nta.

"Anakula kwa muda gani?" dereva alinong'ona.

Cheptanui aling'oa mwiba wa nyuki shingoni. Jicho lake moja lilikuwa limevimba na kufumba. Alikwenda kwenye jani, akaliokota sega la pili, akarudi na kusimama kando ya rundo la nguzo, mkono ameunyoosha, asali ikishuka kwenye kifundo cha mkono na kudondoka kutoka kiwikoni tone kwa tone, akimngoja ndege amalize la kwanza.