Mshale wa Sifuri Kwenda Mbili

...na wakisogea wote nafasi moja, nani atajua, mwalimu wa hesabu alijiuliza pale kwenye benchi la daktari wa meno, shangazi yake ubavuni, shavu limevimba lakini mdomo haupumziki, "nikamwambia mume wangu, we mwanamume, jino haling'olewi kwa koleo," ndiyo shangazi, ndiyo, na kesho watahini wa tasnifu yake wanamsubiri na huo uhusiano wake wa namba usiotikisika, sifuri ina mshale kwenda moja, moja kwenda mbili, mbili kwenda tatu, bila kikomo, na kaapa kwa maandishi kwamba namba hizi hazihamishiki, ukitaka mishale yote ibaki kweli lazima kila namba ikae pake, kumbe! kumbe alikagua kubadilishana viti tu, kusogea akakusahau, sifuri aende kwa moja, moja kwa mbili, na benchi lisilo na mwisho halimdondoshi mtu, kiti cha kwanza kinabaki kitupu basi, mishale salama salimini, uthibitisho chali, kosa ameligundua leo asubuhi mswaki mdomoni, miaka yote hiyo, jamani, aibu ataiweka wapi... "hivi unanisikia, mwanangu?" ndiyo shangazi, na kule mwanzo wa benchi mama mmoja akampa mzee jirani yake gazeti, kisha akanyoosha mkono mbele ya mzee huyohuyo, akampa bintiye aliyekaa upande wa pili maji, "shika, kunywa," mkono ukapita, na... ngoja, ngoja kwanza, wa kwanza ana wa pili, ana na wa tatu, sasa wakisogea wote mzee naye atatakiwa awe na wake wa kumfikia kwa kuruka mmoja, hana! mshale mmoja tu wa ziada, sifuri kwenda mbili, wee, sifuri akihamia kwa moja atahitaji mshale wa moja kwenda tatu, haupo, akienda mbali zaidi vilevile haupo, basi sifuri kaa hapo hapo, na moja akijifanya mjanja arukie kwa mbili, mbili atasukumwa kwa tatu, na sifuri hana mshale wa kwenda tatu, rudi pako bwana, na hao wawili wakishatulia wengine wote wanafuata, kila mtu pake mpaka milele, mshale mmoja! alitaka kucheka, machozi yakamtangulia, kesho atasimama, ataichora mbele yao bila kutetemeka, na njaa ikamuuma ghafla, njaa tamu... "maana naona kama naongea na ukuta," shangazi alisema, kiganja shavuni, na macho yake, alivyoyatazama sasa, yalikuwa yamejaa woga mtupu, maskini, maneno yote yale tangu nyumbani yalikuwa woga, akamshika mkono.

"Nakusikia, shangazi. Nitaingia na wewe."