Ugali Uliogoma Kukaza

Siku Nashon alipotangaza kwamba nyumba yake hainunui tena chakula mpaka kilichomo ndani kiishe, alitangaza akiwa amesimama wima kama diwani. Mkono mmoja simu, mkono mwingine kijiti cha meno. Alikuwa ametoka kuangalia video ya dada mmoja wa mjini, jiko lake linang'aa kama zahanati inayosubiri kuzinduliwa, anafundisha watu kupunguza matumizi: fungua kabati, angalia ulichonacho, pika hicho. Nashon akairudia tena, akaamka mtaalamu wa uchumi.

"Mama Spesi, kuanzia leo gengeni marufuku," alisema. "Humu ndani kuna chakula cha kulisha kambi. Nyie wanawake mnapenda tu kuzurura na kikapu."

Scola, mkewe, alikuwa anachambua maharage. Hata kichwa hakuinua.

"Sawa, Baba Spesi. Na nyanya?"

"Nyanya ni anasa."

"Mafuta je?"

"Karanga si zipo? Karanga ni mafuta yaliyolala."

Huyo ni fundi simu wa Majengo, mtoto wa kota za reli, mtu ambaye jikoni huwa anaingia kutafuta kiberiti na bado anakikosa. Lakini Scola alimwacha aendelee na hotuba, kwa sababu kichwani alikuwa na mpango wa kupunguza matumizi mkubwa kuliko wa yule dada wa kwenye simu, na wake haukuhitaji bando.

Mama yake, Lidia, anayeishi Kasansa, alikuwa amekubali kumpa kipande cha shamba la bondeni. Udongo mweusi, maji yanatuama, mpunga unaota mpaka unakera. Scola akilima pale, mchele wa mwaka mzima unatoka shambani mwake mwenyewe. Sharti la mama lilikuwa moja tu: mvua kubwa ikianza shamba halijalimwa, linaenda kwa kaka yake, Mwandu. Kumwomba Mwandu plau hakukuwa na maana. Tangu asikie habari za shamba, ng'ombe wake wote walikuwa wamepatwa na ugonjwa wa ghafla ambao haukuwazuia kula.

Ilibaki njia ya wazee. Unaita majirani, wanakuja na majembe yao Jumamosi alfajiri, wanalima, na malipo yao ni togwa, ule uji mtamu wa kunywa. Sio hela, togwa. Pipa likiwa limejaa, watu wanaimba na udongo unageuka. Pipa likikauka, majembe yanalala. Na kimea cha hiyo togwa lazima mwenye shamba aoteshe mwenyewe, ili watu wajue ana nia na sio anabahatisha.

Kwa hiyo Scola akaloweka ulezi, akaufunika, akawa anaunyunyizia maji kama analea kifaranga, mpaka ukatoa vimizizi. Akauanika juani, akauweka kwenye kiroba, akakipandisha juu ya kabati mbali na panya. Panya aliwafikiria. Mume hakumfikiria.

Ile sera ya uchumi ikaendelea. Walikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa maharage. Walikula maharage kwa karanga. Walikula dagaa wakavu kiasi kwamba ukiwatafuna jirani anasikia. Kila sahani Nashon aliipiga picha kabla watu hawajanawa, na kila picha aliirusha kwenye grupu la mafundi simu, ambako walimwita mheshimiwa.

Rabia, mwenye genge la pale kona, alimkuta Scola njiani akamshika mkono.

"Shoga, mmehama? Au shemeji kaamua kufunga Ramadhani peke yake, miezi haijafika?"

"Tunapunguza matumizi."

"Haya. Na mashavu nayo mnapunguza, naona."

Katikati ya wiki ile ukaja msiba Mishamo: amefariki mama yake Joséline, rafiki wa Scola. Scola akaenda na mtoto, akalala huko. Nyumba ikabaki na mtaalamu.

Aliporudi alikuta moshi umejaa mpaka sebuleni. Nashon alikuwa jikoni kifua wazi, jasho linamtiririka, anasonga kitu ndani ya sufuria kubwa ya sherehe. Mwiko ulikuwa unazunguka humo bila shida yoyote, kama kasia ziwani.

"Usiniulize," alisema Nashon. "Huu unga feki. Naongeza, unalainika. Naongeza, unazidi kulainika. Nimeenda mpaka mashineni kumsema yule msagaji, nimemwambia ananisagia chaki."

Scola akachota kidogo kwa kijiko, akaonja. Ilikuwa tamu. Tamu sana, na hakukuwa na chembe ya sukari ndani ya nyumba ile, maana sukari nayo ilikuwa imetangazwa kuwa anasa.

"Baba Spesi, huu unga umeusaga kutoka wapi?"

"Humu humu ndani, si ndio mpango? Mahindi yalikuwa machache, nikachanganya na ule ulezi wa juu ya kabati. Na hapo lazima tuongee, mke wangu. Chakula kimeachwa mpaka kimeota mizizi, kweli? Wewe ndo wa kutupa vitu namna hiyo? Mimi nimekiokoa."

Scola akaketi kwenye kigoda. Togwa Nashon aliijua vizuri sana, lakini aliijua ikiwa kwenye kikombe.

"Umeokoa," alisema taratibu. "Hongera. Umeokoa malipo ya watu wa Jumamosi. Hicho ni kimea, baba. Kazi yake duniani ni kulainisha uji. Ungeweka gunia la mahindi humo, ungepata bwawa."

Mwiko ukasimama. Nashon aliangalia sufuria, akaangalia simu iliyokuwa dirishani, kama vile yule dada angetoka amtetee.

"Kwani hakinunuliki?"

"Msimu huu? Kila mwenye jembe anatafuta kimea. Na kuotesha kingine Jumamosi inapita, mvua inapita, shamba linapita."

"Basi unga uliobaki..."

"Upo mwingi?"

Nashon akakohoa. Nusu, alisema. Nusu nyingine ilikuwa imeshapikwa, imeshagoma, na imeshamwagwa kwa bata wa jirani, ambao walionekana kuifurahia.

Kesho yake walipanda basi la Kasansa wote watatu. Nashon hakuulizwa kama ana nafasi. Alipakata kile kiroba njia nzima, na mtandao ulipokata akaiweka simu mfukoni.

Sasa, kwa Wasukuma wa kule mkwe wa kiume na mama mkwe hawaongeleshani hovyo, wala hawatazamani usoni. Bi Lidia aliulamba ule unga, akafunga macho, akamgeukia kuku aliyekuwa anapita.

"We kuku, umewahi kusikia mtu anakula mshahara wa vibarua wake kabla hawajaja?"

Kuku akaendelea kudonoa. Nashon, aliyekuwa amejibanza nyuma ya ghala, akazidi kujibanza.

"Itanyweka, mama?" Scola aliuliza.

"Itanyweka. Tutaipasha kwa moto mdogo mpaka ilainike yenyewe, ndo tuichemshe. Haitakuwa togwa ya kujivunia, mwanangu. Na haitajaza pipa."

Jumamosi watu walikuja. Kiongozi wao alikuwa mzee mmoja mrefu, Kasimiri, aliyechungulia pipa kwanza kabla ya kuchungulia shamba. Akaona togwa ilipoishia, akamtazama Scola kwa huruma ya mtu anayeujua mwisho wa habari. Walilima vizuri, hawakudanganya. Waliimba. Waliimba na wimbo mmoja wa kutunga hapohapo, kuhusu mwanaume wa mjini aliyepika ugali akaunywa kwa kikombe, na kiitikio chake kilikuwa rahisi kushika, watoto wakakishika. Jua lilipokuwa kichwani, Kasimiri aligonga pipa kwa kata, likalia tupu.

"Dada, togwa imekuwa fupi," alisema akijifuta ndevu. "Shamba limekuwa refu. Hatujagombana."

Wakabeba majembe yao wakaondoka. Nusu ya shamba ilikuwa nyeusi, imegeuzwa. Nusu ilikuwa nyasi. Mwandu alikuwa amesimama mpakani tangu asubuhi, mikono nyuma, anatazama mawingu kwa upendo.

Scola alichukua jembe, akamnyooshea mumewe.

"Mimi?" alisema Nashon.

"Kuna mwingine aliyekunywa?"

Alilima Jumamosi ile mpaka viganja vikapasuka. Alilima Jumapili, akalima mistari iliyopinda kama nyoka mgonjwa, Scola pembeni yake anainyoosha. Jumatatu mchana mawingu yakashuka, upepo wa mvua ukaanza kupiga, na bado kilikuwa kimebaki kipande cha kutosha kumpa mtu kilio. Mwandu alisogea hatua kadhaa ndani ya mpaka, anapima kwa macho.

Hapo Bi Lidia akatoka ndani na jembe begani. Hakumsemesha mtu, hata kuku. Akampita Mwandu, akaenda mpaka ncha ya mbali kabisa, akampa mkwewe mgongo, akaanza kulima akija kinyumenyume kuelekea kwao. Nashon naye akageuka, akampa mgongo, akalima akirudi kinyumenyume vilevile. Jembe la mama lilikuwa linakata na kugeuza bila kelele. La Nashon lilikuwa linaomboleza.

Mvua ya kwanza ikaanguka, matone mazito. Migongo yao ilikuwa imekaribiana, ikabaki ukanda mwembamba wa nyasi katikati, na wote wawili wakasimama palepale. Hakuna aliyeweza kuongeza hatua bila kumgusa mwenzake, na hilo halifanyiki.

Scola akaingia katikati, akainama, akaulima ule ukanda mwenyewe huku maji yanamtiririka shingoni. Alipoinuka, Mwandu alikuwa ameshageuka, anaenda kuwatazama ng'ombe wake wagonjwa.