Bendera Isiyo na Bitana

Mtu asiyewahi kushona bendera ya pande mbili hudhani ni kitambaa na rangi zake, basi. Dada Bobini alikuwa ameishona kwa miaka kumi na tisa, na alijua ni bendera mbili zilizopeana mgongo. Upande wa mbele alikuwapo korongo mweupe amenyoosha shingo juu ya samawati. Upande wa nyuma kulikuwa na mashoka mawili mekundu yaliyopishana, juu ya samawati hiyohiyo. Katikati yake kulifichwa kitambaa cheusi kizito, bitana, ambacho mwananchi hakuwahi kukiona wala kujua kama kipo. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuzuia jua lisipenye, ili korongo na mashoka visikutane hewani.

Ilisemekana kwamba nchi ilipoanza, wakubwa wa pande mbili walikaa wiki nzima wakibishana juu ya alama. Hawa wanataka ndege wao, wale wanataka mashoka yao. Mwisho wakagawana kitambaa kama mume na mke waliokasirikiana wanavyogawana kitanda.

"Ndiyo ndoa pekee ninayoijua isiyo na ugomvi," kaka yake Dada Bobini alipenda kusema, "kwa sababu hawajawahi kuonana uso."

Kaka huyo ndiye aliyemwingiza kazini. Alikuwa mkataji na mkaguzi wa karakana ya bendera, na wote walimwita Mzee Chaki, maana kipande cha chaki hakikumtoka sikioni hata akiwa msalani. Dada Bobini alipofiwa na mumewe, kaka alimpa chumba cha uani katika nyumba ya serikali aliyokuwa akiishi na mkewe. Wifi mtu alinuna mwezi mmoja, kisha akazoea. Wakawa watatu mezani, na wawili kati yao wakitoka pamoja asubuhi kwenda kazini.

Kulikuwa na siri moja ambayo hata wifi hakuijua yote. Macho ya Mzee Chaki yalikuwa yakifa. Kwanza la kushoto liliingia ukungu, kisha la kulia likafuata. Kukata aliweza bado, kwa sababu mikono ilishakariri vipimo, lakini kukagua hakuweza tena. Basi kila bendera iliyokamilika, Dada Bobini aliibeba hadi dirishani kwa kisingizio cha kuikunja, akaitazama juani, kisha akapita karibu na kaka yake na kusema chini kwa chini, "Iko salama." Mzee Chaki alitia saini kwenye fomu. Walifanya hivyo miaka mitatu, na hakuna bendera hata moja iliyorudishwa.

Kisha ikaja amri ya bendera ya uwanja mpya. Ilitakiwa iwe ya mita kumi na mbili kwa nane, mlingoti wake umeagizwa mbali, na siku ya kuipandisha ilikuwa imekwisha kutangazwa. Stoo palikuwa na samawati ya kutosha, nyeupe na nyekundu pia. Bitana iliyobaki isingetosha hata kufunika meza mbili.

Mkuu wa karakana walimpa jina la Sawasawa, kwa kuwa hakuwahi kujibu jambo lolote kwa neno jingine.

"Shoneni bila bitana," alisema. "Hata hivyo, ikiwa na bitana itakuwa nzito, upepo hautaibeba."

"Mkuu," alisema Mzee Chaki, "bila bitana hiyo si bendera, ni chandarua."

"Sawasawa. Lakini nani atapanda mlingotini kuchungulia?"

"Hana haja ya kupanda. Jua litamwonyesha alipokaa."

Mzee Chaki akauweka mkasi mezani, akakunja mikono. Siku mbili hakukata kitu. Cherehani zilinyamaza, mafundi wakawa wanapiga soga na kutazama saa. Siku ya tatu Sawasawa alimwita Dada Bobini ofisini kwake, akafunga mlango kwa upole, akamwambia kwamba barua za kustaafisha watu mapema zilikuwa zimechapwa, na nyumba za serikali ni za wenye kazi serikalini.

"Zungumza na kaka yako," alisema. "Wewe anakusikiliza."

Jioni ile, jua bado halijazama, alimkuta kaka yake bombani uani akiosha miguu. Akachuchumaa kando yake.

"Kaka, kata tu kile kitambaa."

"Umekijaribu?"

Alikuwa amekijaribu. Mchana alipandanisha vipande viwili, cha korongo na cha mashoka, akavishika dirishani bila kitu katikati. Shoka lilitokeza wazi kabisa, na makali yake yalikaa sawasawa juu ya shingo ya ndege, kana kwamba mtu amepima kwa rula.

"Nimekijaribu," alisema. "Ni kivuli tu. Kinaonekana kidogo mno, lazima mtu awe na nia mbaya ndiyo akione."

Mzee Chaki alisugua kisigino kwa muda mrefu. Maji yakamwagika bure.

"Kivuli tu?"

"Kivuli tu, kaka."

"Basi kesho nitakata."

Walishona siku kumi na moja. Siku ya mwisho alikwenda dirishani kama kawaida na pembe moja tu ya lile libendera, maana lote lisingebebeka, na pembe ile haikuwa na kitu isipokuwa samawati. Akapita karibu na kaka yake. "Iko salama," alisema. Mzee Chaki akatia saini.

Siku ya kupandishwa, wafanyakazi wa karakana walipewa viti nyuma ya jukwaa. Wifi pia alikuja, amevaa nguo aliyoitunza kwa ajili ya harusi ya mtu. Bendi ilipiga, kamba zikavutwa, na bendera ikapanda polepole ikiwa imejikunja. Ilipofika juu, upepo ukaifungua. Jua la saa nne lilikuwa nyuma yake.

Dada Bobini alimwona korongo wake, mkubwa kuliko nyumba, shingo imelazwa juu ya gogo la kuchinjia lisilokuwepo, na shoka jekundu limetua juu yake. Upepo ulipotikisa kitambaa, shoka lilipanda na kushuka. Lilikata, likainuka, likakata tena.

Mtu mmoja kwenye umati akacheka. Labda hakukusudia. Lakini kicheko ni kama kikohozi msibani, akianza mmoja hawezi kubaki peke yake. Kikatembea safu hadi safu, na simu zikainuliwa juu kwa mamia. Pale jukwaani, waliokuwa na asili ya ule upande wa ndege waliwageukia wenzao wa upande wa mashoka, na hao nao wakatazama viatu vyao.

"Kuna nini?" aliuliza Mzee Chaki, uso wake umeelekea mlingotini, macho yamefumbuliwa wazi. "Wanacheka nini?"

Wifi ndiye aliyemjibu mumewe, na alipomjibu alikuwa akimtazama Dada Bobini.

Kabla ya saa saba watu wanne walikuwa wameingia karakana. Sawasawa alikuwa tayari na faili. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya kuagiza bitana, yenye muhuri na tarehe ya wiki tatu nyuma, ambayo hakuna fundi aliyepata kuiona. Bwana stoo alikumbuka ghafla kwamba bitana ilikuja na kutolewa. Fomu ya ukaguzi ilikuwa na saini moja. Mzee Chaki aliulizwa kama saini ni yake, akasema ni yake. Aliulizwa kama aliikagua bendera.

"Niliikagua mwenyewe," alisema, "kwa macho yangu."

Wakamchukua na chaki yake sikioni.

Dada Bobini alikwenda kwenye ofisi alikopelekwa kaka yake asubuhi tatu mfululizo, akakaa kwenye benchi hadi wanafunga. Ya nne alipokelewa na afande mmoja mwenye sauti ya upole, kijana wa kuweza kuwa mwanawe.

"Shikamoo, mama. Sema shida yako."

"Marahaba. Bendera niliishona mimi. Nilijua jua litapita. Kaka yangu haoni, mwaka wa tatu sasa, alitia saini kwa neno langu. Mwenye kosa ni mimi."

Afande aliandika maneno mawili, kisha akaacha.

"Mama, haoni vipi, na yeye ni mkaguzi?"

"Mpimeni macho."

"Akipimwa akaonekana haoni, tutaandika kwamba kipofu aliidanganya serikali miaka mitatu. Unataka tuongeze hilo?" Aliirudisha kalamu mfukoni. "Hapa wanadhani ni njama ya watu wa upande fulani. Wametaka mtu mmoja, wamempata. Saini yako wewe iko wapi?"

"Mafundi hatutii saini."

"Basi huna pa kuingilia. Nenda nyumbani, mama."

Alikwenda. Kesi ilichukua siku mbili. Mzee Chaki alipewa miaka tisa kwa kudhalilisha alama ya taifa. Hukumu iliposomwa aligeuza kichwa huku na huku akitafuta walipokaa ndugu zake, akaishia kuwatazama waandishi wa habari.

Mwezi uliofuata barua ya nyumba ikafika. Wifi alifunga vyombo. Dada Bobini alipotaka kumsaidia kuinua godoro, wifi aliliachia upande wake, likaanguka.

"Uliona, au hukuona?" aliuliza.

"Niliona."

"Nilikulisha miaka sita," wifi alisema. Akarudi kwao, mwendo wa siku nzima, na aliyemwuliza njiani alimjibu kwamba hana mume.

Bendera zenyewe zilibadilishwa bila sherehe. Sasa zinachapwa kiwandani, upande mmoja tu, na kilichomo humo si korongo wala shoka, ni duara la njano ambalo hakuna aliyeeleza maana yake. Zinafika karakana zikiwa kwenye marobota. Sawasawa, aliyepandishwa cheo akahamia jengo lenye lifti, aliacha maagizo kwamba mafundi waliobaki wapige pindo. Dada Bobini hapokei tena kitambaa cheusi. Anapiga pindo pande nne, anakata uzi, anachukua nyingine. Kazi yenyewe haihitaji macho wala akili.

Ruhusa ya kumwona kaka yake ilitoka baada ya miezi minane. Walipewa benchi moja la kukalia, askari amesimama mlangoni. Mzee Chaki alikuwa amekonda, na alimtambua dada yake kwa mwendo wake kabla hajasema kitu.

"Bado unaburuza kisigino," alisema akitabasamu. "Kaa. Siku hizi sioni hata mwanga. Humu wameniweka kwenye kazi ya kusuka vikapu, na wananisifu. Si unajua, mikono yangu ilishazoea kufanya kazi peke yake."

"Kaka, siku ile bombani nilikudanganya. Nilikiona."

"Nilijua."

Alimtazama asimwelewe.

"Unaposema kweli unasema mara moja," alisema Mzee Chaki. "Siku ile ulisema kivuli, ukarudia kivuli. Lakini nilikuwa nimechoka na mimi. Nilitaka iwe kivuli." Alipapasa hewani hadi akapata goti lake, akaligonga mara mbili kama mtu abishaye hodi. "Hayo yamekwisha. Nipe habari za nyumbani. Wifi yako mbona haji? Anaumwa?"

Dada Bobini alikuwa amejitayarishia jibu tangu asubuhi. Alikuwa amepanga kusema nauli, mguu, mvua. Alimtazama kaka yake aliyetega sikio, akaona hawezi kumfanyia tena jambo lile.

"Amerudi kwao," alisema. "Nyumba wameichukua. Amesema hatakuja."

Mara moja tu alisema, na kwa hiyo Mzee Chaki alijua ni kweli. Mkono ukaondoka gotini. Midomo yake ilitikisika kama ya mtu anayehesabu vipimo, kisha akasimama na kumwambia askari kwamba wamemaliza.

"Una dakika ishirini bado," alisema askari.

"Tumemaliza, baba."

Alitangulia mwenyewe, akakosea mlango, akapapasa ukuta mpaka askari akamshika kiwiko. Hakugeuka. Dada Bobini alibaki amekaa, mikono mapajani, hadi mwanamke mwingine aliyeshika kifurushi cha sabuni alipomwomba radhi na kumwambia kwamba benchi lile ni zamu yake.