Mama wa Kwenye Fomu

Wakil alikuwa na kadi ya bima, na hapana mtu Unguja aliyekuwa hajui. Wenzake kazini, katika hoteli moja ya Kendwa, kadi zao walizitia kwenye pochi wakazisahau. Yeye yake aliivaa shingoni, hata siku ya mapumziko. Ukimwambia kichwa kinakuuma hakwambii pole. Anakuuliza, "Kwani huna bima?"

Kwa hiyo bibi yake, Bi Mwatum wa Bwejuu, hakutaharuki aliposikia agizo la Ustadh Abdulhakim, kiongozi wa msafara wa umra aliojiandikisha. Mwaka uliopita msafara mzima ulirudi unakohoa kwa kupokezana kama waimba kaswida, na safari hii Ustadh kasema kila msafiri alete karatasi ya chanjo ya mafua kabla ya laasiri ya Alkhamisi. Asiyeleta atabaki. Akiba ya Bi Mwatum, ya miaka sita ya kulima mwani, yote ilikuwa imeishia kwenye tiketi. Lakini alikuwa na mjukuu, na mjukuu ana kadi.

"Mume wangu," alimwambia kwa simu, maana ndivyo bibi anavyomwita mjukuu wake wa kiume, na ole wake mjukuu asiyeitika. "Hiyo bima yako inachoma sindano?"

"Inachoma, inapima, na meno inang'oa. Njoo mjini Alkhamisi, mke wangu. Hutotoa hata senti."

Maneno hayo yalimtoka Wakil kwa raha, na hakuyafikiria tena mpaka aliposimama mbele ya meza ya Hasnain.

Duka la dawa la Hasnain liko Mkunazini, jembamba kama uchochoro uliolizaa. Kuna kaunta, kibenchi kimoja, na pazia la kijani linalokificha chumba cha sindano. Asubuhi ile kwenye kibenchi alikuwepo Mzee Usi peke yake. Alifuata dawa ya kikohozi, kaipata, kalipa, na haondoki kwa sababu feni ya pale ni nzuri.

"Shikamoo, Bi mkubwa," alisema Hasnain.

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu kanileta nichomwe sindano ya mafua."

Hasnain hakushangaa. Kazaliwa mtaa huohuo, naye alikuwa na bibi. Akamnyoshea Wakil mkono. "Lete kadi, bwana harusi."

Kadi ikavuliwa shingoni taratibu kama nishani. Hasnain akaingiza namba kwenye kompyuta, akasubiri, akasoma.

"Sindano ya mafua bima yako inalipa. Moja kwa mwaka kwa kila mtu. Wewe umo."

"Sikuja kwa ajili yangu. Mwenye sindano ni bibi."

"Bibi hayumo."

"Anakuwaje hayumo? Hii bima ya familia."

"Familia kwao ni wewe, mke, watoto na mzazi mmoja. Wewe mke huna..."

"Anaye," alisema Bi Mwatum.

"Nnasema mke wa kwenye karatasi, Bi mkubwa. Lakini ipo njia. Asiye na mzazi humtia mlezi wake, kwa barua ya sheha wa mtaa wake. Huyu umemlea wewe?"

"Tangu ana siku arubaini. Mama yake nilimzika mwenyewe, Mungu amrehemu."

"Basi ingekuwa kazi ndogo," alisema Hasnain. "Tatizo nafasi ya mzazi ishajazwa."

Hapo tu ndipo Wakil alipokumbuka.

"Achana nayo hiyo kompyuta," alisema upesi. "Bibi, twende tukanywe chai kwanza."

"Kajazwa nani?" aliuliza Bi Mwatum.

"Bibi, chai ya pale kona..."

"Nimemuuliza mwenye duka."

Hasnain ni hodari wa kusoma mwandiko wa daktari yeyote, lakini uso wa mteja hajui kuusoma. Akasoma kwa sauti: "Mama wa mwanachama: Nassra Khatib Juma, Kiembe Samaki. Tena namkumbuka, alikuja Jumatatu. Huyu kashachomwa."

Mzee Usi akasogea mpaka ncha ya kibenchi ili asikose neno.

Bi Nassra huyo alikuwa mama yake Ummy, na Ummy ndiye msichana aliyeposwa na Wakil, harusi Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija. Hoteli ilipogawa fomu, mstari wa mzazi ulikuwa mmoja. Upande mmoja Wakil alikuwa na bibi mkakamavu kama mti wa mvinje, ambaye hajapata kumwona akiugua. Upande wa pili alikuwa na mkwe mtarajiwa, aliyekuwa bado anamtazama kama nguo ya mtumba, akimgeuza nyuma na mbele kutafuta tundu. Wakil akaandika mkwe. Tangu siku hiyo chai ya Kiembe Samaki ikawa inakuja na sambusa.

"Kumbe mama yako yu hai," alisema Bi Mwatum polepole. "Anakaa Kiembe Samaki. Sasa mimi niliyemzika nilimzika nani?"

"Bibi, nilitaka kukutia wewe, ila..."

"Usiniite bibi. Bibi hayumo, nimesikia kwa masikio yangu."

Mzee Usi akatikisa kichwa. "Kijana kamkatia mkwe bima na hajaoa bado. Mimi wangu nilimpelekea mbuzi, akala, yakaisha."

"Mzee, si ushapata dawa yako wewe?" alisema Wakil.

"Nnasubiri ianze kufanya kazi."

Wakil akajaribu kumvuta Hasnain pembeni, ila duka lile halina pembeni, kwa hiyo walinong'ona na wote wakasikia. Jina haliwezi kubadilishwa leo? Hapana: fomu mpya, barua ya sheha, kisha mwezi mzima kusubiri. Na msafara unaondoka Jumanne. Itolewe kwa mkopo? Dawa za kwenye friji hazikopeshwi.

"Tena kuna ile ya Jumatatu," Hasnain alimalizia. "Bima wakijua yule si mama yako hawanilipi. Ile nayo utalipa wewe."

Mfukoni Wakil alikuwa na nauli ya kurudia Kendwa tu.

"Nipe simu," alisema Bi Mwatum. "Nnataka kuzungumza na mama yako."

"Haina salio, bibi."

Mzee Usi alikuwa ameshatoa yake. "Tumia hii, Bi mkubwa. Iweke sauti ya juu, mie masikio yangu mazito." Namba akaitaja Hasnain kutoka kwenye kompyuta. Alikuwa ameshanogewa.

"Shikamoo, Bi Mwatum," ilisema sauti ya Bi Nassra alipojua nani anayepiga. "Kuna kheri?"

"Kheri tupu. Nimepiga kukupongeza kwa kujifungua."

"Kujifungua?"

"Mtoto wa kiume. Ana miaka ishirini na sita na kadi shingoni. Ninaye hapa kwa Hasnain, anatoka jasho."

Akamhadithia yote, na mstari wa fomu haukusahauliwa. Mzee Usi akachungulia kama simu imekatika.

"Wallahi, Bi Mwatum," alisema Bi Nassra, "mie aliniambia bima yao inabeba wakwe. Nikasema hoteli hii ina adabu. Sikujua nimekaa mahali pako."

"Umekaa, na umeshachomwa."

"Na mkono uliniuma siku mbili. Kumbe haki ya mtu ilikuwa inapita." Sauti ikabadilika. "Wakil. Wanisikia?"

"Naam, mama."

"Usiniite mama mpaka Mfunguo Tatu. Na hiyo Mfunguo Tatu tutaitazama kwanza. Hasnain, natuma pesa sasa hivi, za sindano ya Bi Mwatum na ile yangu. Mwisho wa mwezi huyo kijana atanirudishia, na atakuja nazo kwa miguu. Bi Mwatum, ukifika Makka niombee msamaha."

"Nitakutaja kwa jina na ubini."

Pesa zikaingia. Bi Mwatum akapita nyuma ya pazia, akatoka kabla Mzee Usi hajamaliza kuuliza kama inauma. "Mbu wa Bwejuu wana nguvu kuliko hii," alisema, akasimama kuhakikisha karatasi yake inagongwa muhuri mahali panapoonekana.

Nje, Wakil alimfuata nyuma hatua tatu, kadi ameitia mfukoni.

"Bibi," alisema mwishowe, "huko Makka na mimi utaniombea?"

"Mimi naomba kwa orodha. Nshamtia babu yako, wanangu wanne, na Nassra."

"Na mimi?"

"Wewe umo kwa mama yako. Si ndivyo ulivyoandika? Basi mama yako akuombee."

Akaenda hatua kumi bila ya kugeuka, mpaka kwenye ngazi za mawe zilizokuwa bado na maji ya mvua ya asubuhi. Hapo akasimama, akanyosha nyuma mkono ule usiochomwa.

"Nishike, pana utelezi," alisema. "Na huyo sheha wa barua anafunga saa ngapi?"