Siku ya Petro, Lango Likafungwa

Kila kiangazi tunahamia jiko la nje, sebule na vyumba tunawapangisha wageni wanaofuata maji ya ziwa letu la Ohrid, maji ambayo ukidondosha pete unaiona imelala chini. Sijawahi kunung'unika. Nilimwomba mwanangu Strezo jambo moja tu: Siku ya Mtakatifu Petro, sebule yenye picha yake iwe yetu.

"Mama, siku hiyo nani ataigusa?" alisema, akanibusu mkono.

Kwetu sikukuu ya mtakatifu wa nyumba haina mwaliko. Unaacha lango wazi, atakayekuja amekuja. Marehemu mume wangu hakuwahi kulifunga, hata mwaka wa vita.

Nilioka mkate, nikaufunika, nikangoja Strezo aniite sebuleni. Badala yake nikasikia lango likigongwa. Alikuwa Metodija, aliyetusimamia ndoa na kumshika Strezo siku ya ubatizo.

"We Strezo! Limefungwa? Au mtakatifu kahama na yeye, kapangisha?"

"Sauti, Baba wa ubatizo, wageni wana mtoto amelala." Kisha Strezo akashusha yake, lakini dirisha langu lilikuwa wazi. "Mwaka huu hatufanyi. Mama yuko mjini Bitola, kwa dada. Mwenyewe kasema tuache, kachoka."

"Mama yako Fanija kamchoka Petro?"

"Ndivyo alivyosema."

Metodija akageuka kuondoka. "Basi, Mungu amsamehe."

Kumbe sebule kaipangisha; angeniomba, pengine ningempa. Lakini kusema kwamba mimi nimemwacha mtakatifu! Tena kumwambia mtu aliyembeba mbele ya madhabahu.

Nikatoka na mkate kifuani. Strezo akaniona, akawa mwekundu hadi masikioni.

"Mama, usinifukuzie wageni, nakuomba."

"Nifungulie."

Alifungua. Metodija alikuwa ameshafika ufukweni, anapita kati ya miavuli ya watu waliolala juani.

"Metodija! Mimi huyu hapa, sijafika Bitola."

Aligeuka, akanitazama, akamtazama Strezo aliyebaki langoni. Akavua kofia.

"Tuuvunje hapa," nikamwambia.

Mkate wa mtakatifu hushikwa na watu wawili, unazungushwa, kisha unavunjwa. Upande mmoja ni wa msimamizi. Wa pili ni wa mwenye nyumba, na tangu tumzike mume wangu ulikuwa wa Strezo.

Siku ile niliushika mwenyewe.