Doa la Chai Nyuma ya Sofa

Nyumbani kwa Rodah pale Kiptere kila kitu kimevishwa kitambaa, na kila kitambaa amekifuma mwenyewe. Kwa hiyo doa la kahawia lilipotokea kwenye kitambaa cha sofa, upande wa ukutani, aliwaka. Nani mwingine hukaa pale na chai kama si Kipruto, mumewe? Kipruto akaapa si yeye. Kitambaa kikafuliwa, doa likarudi, na Kipruto akafukuzwa akanywe chai nje na kuku.

Leo Obiero, fundi wa stima, alikuja kukagua soketi kabla friji mpya haijaletwa. Akazima stima, akavuta sofa, akanusa kitambaa.

"Mama, hii si chai. Soketi ya hapa nyuma waya zimelegea, inaunguza. Bado kidogo tu ishike moto."

Rodah akainama, akaitazama ile soketi nyeusi.

Kipruto alikuwa amesikia yote dirishani. Akaingia, akaketi kwenye sofa, akanyoosha kikombe. Rodah akammiminia, macho bado kwenye soketi, mpaka chai ikafurika na kumwagikia kitambaa.

"Hilo sasa," akasema Kipruto, "ndilo la chai."