Wadudu Wasio na Madoa

Severina alikuwa mtoto wa kujibu kwa kichwa. Ukimuuliza kitu, anakitikisa au anakiinamisha. Hata darasani, jibu akiwa nalo, mkono haunyanyuki.

Asubuhi hiyo baba yake mdogo, Antipasi, aliingia shambani kwao Ulemo na bomba la dawa mgongoni. Severina akamwamkia kwa sauti ya chini, halafu akabaki kasimama, macho kwenye bomba.

Kunde zilikuwa zimevamiwa na vidukari, weusi tii, wamejibana kwenye ncha kama masizi ya sufuria. Zikipigwa dawa, majani hayachumwi tena mpaka makali yaishe, na mboga nyumbani ilikuwa hiyo hiyo. Lakini baba yake, aliyekuwa kasimama hapo kando, alishachoka kuziangalia zikinyauka.

Katikati ya vidukari walikuwepo wadudu wengine, wekundu, wa mviringo, mgongo unang'aa kama shanga. Antipasi akasema hao ndio wanaozimaliza kunde. Alishaona picha kwenye duka la pembejeo: mdudu rafiki wa mkulima ana madoa meusi mgongoni.

"Huyu ana doa hata moja? Mwizi tu, kavaa vizuri."

Baba akacheka. Severina hakucheka. Kila akichuma mboga alikuwa anawatazama, na hajawahi kuwaona wakigusa jani.

Antipasi akafunga kitambaa mdomoni, akaanza kupampu. Severina alitaka kusema. Miguu ndiyo ikaenda. Akaingia kwenye mstari, akasimama mbele ya bomba.

"Toka hapo, mama. Dawa haina undugu."

Hakutoka. Baba akamwita kwa ukali, akamuuliza tangu lini anamzibia mkubwa njia. Severina akakata ncha moja ya kunde, akaenda nayo mpaka kwa baba, akapiga magoti, akainyoosha. Juu yake palikuwa na mdudu mwekundu. Alikuwa ameshika kidukari, anatafuna.

Baba akachuchumaa. Akatazama mpaka Antipasi akaanza kukohoa kwa makusudi.

"Anakula nini huyu?"

"Vidukari, baba." Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Majani hagusi."

Antipasi akasema dawa imeshachanganywa. Baba akamwambia akaimalizie kwenye pamba zake.

"Haya, walinzi wenu hao," Antipasi akasema. "Wakishindwa msiniite."

Baba akamgeukia binti yake. Akampa mpaka Jumapili. Vidukari wasipopungua, atapiga dawa mwenyewe, na maji atachota yeye Severina.

Jumapili, kabla ya kanisa, baba alikwenda shambani na viatu vyake vya ibada. Severina akamfuata kwa mbali, hathubutu kutazama. Baba akageuza jani, akageuza lingine. Vidukari walikuwa wamebaki wachache. Halafu akapaza sauti kuelekea jikoni:

"Mama Severina, leta ungo."

Walichuma wote watatu. Kila jani Severina alilipuliza kwanza, mdudu mwekundu aruke, ndipo akaliweka kwenye ungo.